Kulungu wameshuka kutoka 82 hadi 53 kwa mwaka mmoja: tumehesabu vibaya au wamepungua kweli?

MtunzaKitalu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa kusoma takwimu kabla ya kufunga mgawo wa majike, yaani idadi ya majike tutakaovuna msimu huu. Msimu unakaribia na wenye ardhi wanataka jibu.

Ardhi ni ekari 1,200, Marekani, kulungu wa mkia mweupe, hakuna uzio. Karibu nusu ni msitu wa mialoni, kuna vichaka na viwanja vidogo vya klova, na upande wa mashariki tunapakana na mashamba ya mahindi na soya. Kila mwaka tunahesabu kabla ya msimu kwa kamera za mtego 12 (zinazojipiga zenyewe mnyama akipita), yaani moja kwa kila ekari 100, juu ya chambo cha mahindi, kwa siku 14. Chambo kinaruhusiwa kisheria hapa.

Mwaka jana: picha za madume 410, ambamo tulitambua madume 24 tofauti kwa pembe. Picha za majike 615, za ndama 369. Hesabu ikatoka madume 24, majike 36, ndama 22. Jumla 82.

Mwaka huu: picha za madume 238, madume tofauti 17. Picha za majike 392, za ndama 118. Hesabu: madume 17, majike 28, ndama 8. Jumla 53.

Katikati ya hesabu hizo mbili kulikuwa na msimu mmoja wa uwindaji. Tulivuna madume 7 na majike 11. Majirani hawana uwindaji mkubwa.

Kuna mawazo mawili mezani. Moja ni kusimamisha kabisa uvunaji wa majike kwa miaka miwili. La pili ni kuacha mgawo kama ulivyo, majike 11, na kuwamaliza koyoti, wale mbwa mwitu wadogo wa Marekani wanaokula ndama. Ninyi mngesoma vipi namba hizi?

Hesabu_Porini

Mkuu, kabla ya kugusa mgawo tuangalie namba zenyewe zinavyozaliwa, maana njia hii ya kamera ina mguu mmoja tu, na mguu huo ni yale madume uliyoyatambua.

Unachukua madume tofauti, unagawa kwa picha zote za madume, unapata kizidishio. Mwaka jana 24 ÷ 410 = 0.0585. Ukizidisha kwa picha 615 za majike unapata 36, kwa 369 za ndama unapata 22. Mwaka huu 17 ÷ 238 = 0.0714, majike 28, ndama 8. Hesabu yako iko sawa. Ila jaribu hili: tuseme aliyepanga picha ameunganisha madume wadogo sita kuwa watatu, kosa la kawaida sana kwa madume wa mwaka mmoja na nusu, ambao pembe zao ni vijiti viwili vinavyofanana. Madume yanakuwa 20 badala ya 17. Kizidishio kinapanda hadi 0.084, majike wanakuwa 33, ndama 10, jumla 63. Kosa la madume watatu limezaa kulungu kumi. Kwa hiyo tofauti ya 82 na 53 isisomwe kama tofauti ya fedha kwenye akaunti.

Rudi kwenye picha za madume wadogo, watu wawili wazipange, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwa zaidi ya dume mmoja au wawili, picha zenu hazitoshi kutambua. Kamera iwekwe kimo cha kiuno, hatua tano hivi kutoka kwenye chambo, ielekee kaskazini ili jua lisiipige usoni.

Jambo la pili. Mwaka jana kila dume alipigwa wastani wa picha 17. Mwaka huu 14. Picha zote kwa jumla zimeshuka kutoka 1,394 hadi 748, karibu nusu, wakati madume tofauti wameshuka kwa asilimia 29 tu. Picha zikiporomoka haraka kuliko wanyama, maana yake ni kwamba wanyama waliopo hawakuja kwenye chambo mara nyingi kama zamani. Na kulungu anayekuja mara chache ana nafasi kubwa ya kutopigwa picha hata moja ndani ya siku 14.

Kwa hiyo naomba majibu ya haya: tarehe za hesabu zote mbili, muda wa kupumzika wa kamera kati ya picha na picha, je, ni uleule, chambo kiliwekwa siku ngapi kabla ya kuanza kuhesabu, na mialoni ilizaa vipi mwaka huu.

Muda wa kupumzika watu huudharau. Dakika 5 ndiyo kawaida. Mwaka mmoja ukiweka dakika 5 na mwingine dakika 1, jike na ndama wake wanaokaa kula kwa nusu saa wanajaza picha, na uwiano wote unapinda. Chambo nacho kinahitaji siku 5 hadi 7 za kuzoeleka kabla hujawasha hesabu. Na kama mmoja wa miaka hiyo ulizidisha jumla kwa 1.11, ile nyongeza ya kulungu wasioonekana ambayo wengi huitumia kwa hesabu ya siku 14, basi zidisha miaka yote au usizidishe wowote.

MtunzaKitalu

Asante sana mkuu. Majibu: kamera dakika 5 miaka yote, chambo siku 7 kabla, vituo ni vilevile, hatujazidisha 1.11 mwaka wowote. Tarehe zimetofautiana: mwaka jana Septemba 3 hadi 16, mwaka huu tulichelewa, Septemba 24 hadi Oktoba 7. Mialoni myeupe imezaa sana mwaka huu na matunda yalikuwa yanadondoka wakati wa hesabu. Mwaka jana yalikuwa haba.

Jambo jingine ambalo sikuliandika: mwishoni mwa Agosti kulikuwa na ukame na tulikuta mizoga mitatu ya wakubwa kando ya bwawa ndani ya wiki moja.

Hesabu_Porini

Basi fumbo limefunguka nusu. Matunda ya mwaloni mweupe yakidondoka, kulungu anaacha mahindi, anaacha klova, anaingia msituni na kutembea kidogo sana, kwa sababu chakula kiko chini ya miguu yake. Kamera zako zilikuwa zinashindana na karamu. Ndiyo maana pia katika mwaka wa matunda mengi wawindaji hukaa kwenye dungu siku nzima na kurudi wakisema pori ni tupu.

Madume wameathirika zaidi. Mwanzoni mwa Septemba bado wanatembea kwa makundi na kila mmoja yuko kwenye eneo lake la kiangazi. Kufikia mwisho wa mwezi velveti, ile ngozi laini inayofunika pembe zinapokua, imeshakauka na kubanduka, makundi yamevunjika, wengine wamehamia maeneo ya vuli ambayo yanaweza kuwa nje ya mpaka wako. Madume 17 ya Oktoba si namba ya kulinganisha na madume 24 ya mwanzo wa Septemba.

Lakini ndama hawana kisingizio hicho. Tarehe ikisogea mbele, ndama wanatakiwa waonekane zaidi, maana wamekua na wanamfuata mama kila mahali. Uwiano wako umeshuka kutoka ndama 0.6 kwa jike mmoja hadi 0.3, huku tarehe ikisukuma upande wa pili. Na uwiano hauguswi na makosa ya kutambua madume, kwa kuwa ni picha kwa picha: 369 ÷ 615 na 118 ÷ 392. Kushuka kwa ndama ndicho kitu pekee katika jedwali lako ninachokiamini kikamilifu.

TayaNaMeno

Naunga mkono hoja ya ndama. Sasa tufanye kitu ambacho wengi hawakifanyi: tusogeze kundi la mwaka jana mbele kwa mwaka mmoja kwenye karatasi, tuone lilitakiwa kuwa wangapi leo bila maafa yoyote.

Majike: 36 wakubwa, pamoja na nusu ya ndama 22, yaani 11, ambao mwaka huu kamera inawasoma kama majike. Jumla 47. Ondoa vifo vya kawaida visivyo vya uwindaji, tuchukue asilimia 10, yaani 5. Ondoa 11 mliovuna. Wanabaki 31. Kamera imesema 28.

Madume: 24 na 11 ni 35. Ondoa vifo 4, ondoa 7 mliovuna. Wanabaki 24. Kamera imesema 17.

Ndama: majike 31 kwa uwiano wa mwaka jana wa 0.6 wangeleta 19. Kamera imesema 8.

Jumla iliyotarajiwa ni 74, si 82. Kulungu wanane wa kwanza waliopotea hawakupotea, mliwavuna nyie. Kundi lenu lilikuwa na uwezo wa kutoa majike 6 hivi bila kupungua, kwa sababu 47 toa 5 ni 42, na 42 toa 36 ni 6. Mkatoa 11. Hilo si kosa kama lengo lilikuwa kupunguza. Ni kosa kama lengo lilikuwa kubaki palepale.

Pengo lililobaki ni 21. Ndama ni 11 kati ya hao. Madume 7, ambao mkuu hapo juu ameshaeleza kuwa tarehe na mwaloni vinaweza kuwameza wote. Majike 3, idadi ambayo iko ndani ya kosa la kipimo, ingawa mizoga mitatu bwawani nayo imo.

Madume wadogo nao wanahitaji uangalizi. Dume wa mwaka mmoja na nusu huondoka alikozaliwa, mara nyingi zaidi ya nusu yao, na kwenda kilomita kadhaa. Wengine wanaingia kwako kutoka kwa majirani. Kwenye ekari 1,200 bila uzio, idadi ya madume wadogo inakwambia habari za mtaa mzima kuliko za kwako. Kwa hiyo mgawo ujengwe juu ya majike na ndama, ambao hukaa.

Sasa mgawo wa mwaka huu, kwa kanuni ileile. Majike 28, ndama wa kike 4, jumla 32, vifo 3, wanabaki 29. Ukitaka kubaki na majike 28, una jike mmoja wa kuvuna. Ukivuna tena 11, mwakani una 18. Hapa ndipo mgawo wa namba moja isiyobadilika unapoangusha watu: majike 11 yaleyale ambayo mwaka wa ndama wengi yanapunguza kundi polepole, mwaka wa ndama wachache yanalikata kwa theluthi.

Na mfundisheni kila mwindaji kutofautisha jike na ndama dume. Ndama dume hana pembe, ana vinundu tu, na kwa mbali ni "jike dogo". Paji lake ni bapa katikati ya masikio, la jike limeviringana. Ndama akija peke yake mapema jioni mara nyingi ni dume. Subiri waje wawili au zaidi ndipo uchague mkubwa.

DktKwato

Nizungumzie mizoga na sababu za ndama kupungua, kwa kuwa zinaelekea pande tofauti na dawa zake hazifanani.

Ukame, mwisho wa Agosti, wakubwa watatu kando ya maji ndani ya wiki moja: dalili zote ni za EHD, homa ya kulungu ya kutokwa damu ndani ya mwili. Inaenezwa na visubi wanaozaliana kwenye tope lenye uozo. Bwawa likikauka linaacha ukingo mpana wa tope na visubi wanajaa. Kulungu huanza kuugua siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa, na wale wanaokufa haraka hufa ndani ya saa 8 hadi 36 tangu dalili zionekane. Homa kali huwapeleka majini, ndiyo maana mizoga huwa hapo. Ugonjwa husimama sakitu ya kwanza, yaani baridi ya kugandisha, inapoua visubi. Binadamu haambukizwi.

Kama mzoga umekutwa na umri wa zaidi ya siku moja wakati wa joto, maabara haitapata kitu cha maana. Ukikuta mwingine ulio mbichi, ndani ya saa 24, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo waelekeze, na sampuli ya bandama na damu ihifadhiwe kwenye baridi, isigandishwe. Msimu ukifunguliwa angalia kwato za kila mnyama anayeletwa. Aliyepona EHD mara nyingi ana ufa au mkunjo unaozunguka ukwato, au ganda la ukwato linabanduka, kwa sababu homa ilisimamisha ukuaji wake kwa muda. Andika: kwato zenye ufa ngapi kati ya wanyama wangapi. Hicho ni kipimo cha bure cha ukubwa wa mlipuko.

EHD huenda kwa viraka. Bonde moja linapoteza kulungu wengi, bonde la pili halijui kama kuna ugonjwa. Mwaka 2012, mwaka wa ukame mkubwa katikati ya Marekani, vifo viliripotiwa majimbo mengi lakini hata ndani ya wilaya moja tofauti ilikuwa kubwa. Kwa hiyo habari za redio hazikusaidii. Tembea kwenye kingo za maji yote ndani ya ekari zako, ukiwa na ramani, na uhesabu mizoga na mifupa.

Ila tazama: EHD inaua rika zote, wakubwa kwa wadogo. Haitoshi yenyewe kueleza kwa nini ndama wamekuwa nusu huku majike wakipungua kwa 3 tu chini ya matarajio. Ndama wamepotelea mahali pengine. Kuna njia tatu.

Hawakutungwa mimba, au walitungwa mmoja mmoja badala ya mapacha. Jike mkubwa mwenye lishe nzuri kwa kawaida huzaa mapacha. Akikosa chakula vuli, na nyie mwaka jana matunda ya mwaloni yalikuwa haba, anaingia majira ya baridi akiwa mwembamba. Ndama wa kike naye hupata mimba akiwa na miezi 6 au 7 tu endapo amefikisha uzito wa kilo 32 hadi 36 hivi. Mwaka wa njaa hafiki, na mchango wake wote unafutika.

Walizaliwa dhaifu. Mimba huchukua siku 200 hivi, na mzigo mkubwa uko theluthi ya mwisho. Baridi kali ikiingia hapo, mama anajiokoa na ndama anazaliwa mwepesi, anakufa siku za mwanzo. Wisconsin wana kipimo kizuri cha kuiga: pointi moja kwa kila siku yenye joto la nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, pointi nyingine kwa kila siku yenye theluji ya sentimita 46 au zaidi, kuanzia Desemba hadi Aprili. Chini ya 50 ni majira mepesi, 50 hadi 79 ya wastani, 80 hadi 99 makali, 100 na kuendelea makali sana. Kituo chochote cha hali ya hewa kitakupa namba hizo za miaka iliyopita.

Au walizaliwa wazima wakaliwa. Utafiti wa Savannah River Site huko South Carolina uliwafunga ndama vifaa vya redio. Chini ya robo yao walifika wiki ya 16, na muuaji mkuu alikuwa koyoti. Lakini watafiti walipowanasa koyoti kwa miaka mitatu mfululizo, uhai wa ndama ulipanda mwaka wa kwanza, ukaanguka tena wa pili, ukapanda wa tatu. Koyoti hujaza nafasi haraka. Kuwaua wakati huu wa vuli ni kupoteza nguvu, maana hadi ndama wazaliwe mwishoni mwa Mei wengine watakuwa wamehamia. Kazi hiyo, kama itafanyika, ni ya wiki chache kabla ya kuzaa, na kila mwaka. Vichaka vizito vya kujificha ndama hufanya kazi bila mtu kulala nje.

Namna ya kutofautisha njia hizi tatu: kamua kiwele cha kila jike wa miaka miwili na nusu kwenda juu anayevunwa mwanzo wa msimu. Majike wengi wakiwa na maziwa, ndama waliishi hadi mwisho wa kiangazi na kilichowaua ni cha karibuni. Wengi wakiwa wakavu, ndama walikufa wachanga au hawakuzaliwa, na hapo uzito wa miili ndio utakaoamua: majike wembamba wanaelekeza kwenye chakula, majike wanono wenye viwele vikavu wanaelekeza kwa koyoti.

CWD, ule ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu, iacheni nje ya hesabu ya mwaka mmoja. Inaua kila anayeipata lakini inakwenda polepole, inakula kundi kwa miaka mingi. Pelekeni sampuli za tezi za koo kama jimbo linavyotaka, na mjue kuwa mahali ilipothibitishwa chambo kwa kawaida hupigwa marufuku, nanyi mtahitaji njia nyingine ya kuhesabu.

Msitu_Kwanza

Nina hoja tofauti kidogo. Wote hapa mmechukulia kuwa 82 ilikuwa namba nzuri ya kurudia. Nani amesema?

Ekari 1,200 ni chini kidogo ya maili mbili za mraba. Kulungu 82 ni kama 44 kwa maili ya mraba. Hata tukikubali kuwa chambo kinavuta wanyama wa majirani na namba hiyo imevimba, bado ni wengi kwa msitu wa mialoni. Katika jaribio la miaka kumi lililofanyika Allegheny, Pennsylvania, kulungu walifungiwa ndani ya nyua kwa viwango vya 10, 20, 38 na 64 kwa maili ya mraba. Kuanzia juu ya 20 hivi, miche ya miti ilipungua na ndege wa tabaka la kati la msitu walipungua pia. Nyie mlikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Ndama 0.6 kwa jike ni uwiano wa kawaida tu, na unaweza kuwa mdogo kwa sababu ya msongamano wenyewe. Mfano ninaouheshimu ni wa George Reserve, Michigan, eneo lenye uzio la ekari 1,146, karibu ukubwa wa lenu. Mwaka 1928 waliingizwa kulungu sita, madume wawili na majike wanne. Baada ya miaka sita walihesabiwa 160. Miaka ya 1970 kundi likapunguzwa hadi 10 kwa makusudi, nalo likapanda tena kwa kasi ileile. Kulungu wachache wenye chakula kingi huzaa kwa nguvu. Wengi wenye chakula kidogo huzaa kwa shida, na msimu mmoja mbaya wa mwaloni unawatikisa. Kutingishika huko kwa mwaka hadi mwaka kunazidi kadri kundi linavyokaribia ukomo wa malisho.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "jike mmoja", pita msituni. Vichaka vimekatwa mstari mmoja ulionyooka kwenye kimo cha mita moja na nusu hivi? Miche ya mwaloni iko juu ya goti au yote imeng'atwa usawa wa kifundo? Zungushia uzio vipande vitatu au vinne vya mita 3 kwa 3, kimo cha mita 2, uvilinganishe na nje baada ya misimu miwili ya kuchipua. Na toa kwenye makabati kumbukumbu za uzito wa majike wa mwaka mmoja na nusu, waliotolewa matumbo, kwa miaka mitano. Ukiwa unashuka, kundi lilikuwa linazidi chakula, na kushuka kwa mwaka huu ni nafuu kwa msitu.

Jambo moja la mwaloni, mkitaka kutabiri vuli zijazo. Mwaloni mweupe hukomaza matunda ndani ya msimu mmoja, mwekundu huchukua misimu miwili. Sakitu ya machipuko ikiunguza maua, matunda ya mweupe yatakosekana vuli hiyohiyo, ya mwekundu yatakosekana vuli ya mwaka unaofuata. Andika tarehe ya sakitu ya mwisho kila mwaka na utajua mwaka mmoja mbele kamera zako zitadanganya upande gani.

TayaNaMeno

@Msitu_Kwanza hoja nzito, na nakubali kuwa lengo linatangulia mgawo. Ninachopinga ni kupunguza kundi kwa bahati mbaya. Kama msitu unasema kulungu 50 wanatosha, basi mko hapo tayari, na mgawo wa kubaki hapo kwa uwiano wa 0.3 ni uleule, jike mmoja. Kuendelea na 11 mwaka ambao ndama wamefeli na EHD inawezekana imepita ni kushuka ngazi mbili gizani.

MtunzaKitalu

Nimewaelewa wote, asanteni sana. Nimefungua kumbukumbu: majike wa mwaka mmoja na nusu wamekuwa wakishuka uzito kwa miaka minne, taratibu, na mstari wa vichaka vilivyokatwa upo, hasa upande wa magharibi mbali na mashamba. Kwa hiyo 82 walikuwa wengi. Nafikiria kuvuna majike 3 au 4 upande huo wa magharibi tu, mapema, ili tupime viwele na kwato. Koyoti tunawaacha. Nini kiandikwe kwa kila mnyama ili mwakani nisirudi na maswali haya?

TayaNaMeno

Majike 3 au 4 inakubalika, yatashusha majike hadi 25 hivi, na ukiyavuna wiki ya kwanza utapata majibu ya maziwa wakati bado majike wananyonyesha. Ukichelewa hadi Desemba kiwele kikavu hakikuambii kitu, ndama wameshaachishwa.

Kwa kila mnyama: tarehe, kituo, jinsia, uzito baada ya kutolewa matumbo kwenye mizani ileile, kiwele kina maziwa au la, kwato zina ufa au la, unene wa mafuta juu ya figo, na taya moja la chini lililosafishwa na kuandikwa namba. Ndama ana magego manne au matano upande mmoja. Wa mwaka mmoja na nusu ana sita, lakini gego la tatu bado ni la utotoni, lina vilele vitatu, au limetoka tu na ni jeupe kuliko mengine. Wa miaka miwili na nusu ana gego la tatu la kudumu lenye vilele viwili. Kuanzia hapo umri kwa kulika kwa meno ni kukisia, usiandike "miaka 5", andika "3 na nusu kwenda juu".

Kwa madume wa mwaka mmoja na nusu ongeza kipenyo cha pembe sentimita 2.5 juu ya shina. Kikinenepa mwaka hadi mwaka pamoja na uzito wa majike wadogo, chakula kinaanza kutosha.

Kwa kila kikao cha dungu: saa zilizokaliwa, madume, majike, ndama, wasiotambulika. Ugawe kwa saa, siyo kwa siku. Uwiano wa ndama kwa majike kutoka kwenye madungu ni shahidi wa pili dhidi ya kamera, na hauhitaji chambo.

Hesabu_Porini

Niongeze kwenye tarehe. Mwakani rudi Septemba 3 hadi 16, hata kama kuna kazi nyingine. Na namba ya kupeleka kwa wenye ardhi iwe wastani wa miaka mitatu unaosogea, na uwiano wa ndama uandikwe kando yake kila mwaka. Ya mwaka huu iwekeeni alama kwenye jedwali: tarehe tofauti, mwaloni mwingi. Mtu atakayekuja baada yako ataiona na hataanza kutafuta kulungu 29 ambao wengine wao walikuwa chini ya mialoni wakati wote.

DktKwato

@MtunzaKitalu hao watatu wa bwawani, kama mifupa bado ipo, chukua mataya yao pia. Kwenye jedwali waingie kama vifo, na umri wao, siyo kwenye mavuno.